Mbuke na Mistari ya Majivu

Katika shule moja ya sekondari ya kata, si mbali na Mhunze, kulikuwa na mpishi aliyeitwa Mbuke. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, mwenye sauti isiyohitaji kengele. Saa ya chakula ikifika alisimama mlangoni pa jiko akaita mara moja tu, na hata mwalimu aliyekuwa katikati ya sentensi aliweka chaki chini, akijua hana wanafunzi tena.

Mbuke mwenyewe hakuwa amemaliza shule. Aliacha akiwa kidato cha pili, kwa mimba. Siku zile hapakuwa na mjadala: msichana akionekana ana mimba, safari yake ya shule imeishia hapo. Mtoto aliyezaliwa ni Nelly. Baba wa mtoto alikwenda Geita kutafuta dhahabu, na habari zake zikaishia njiani. Mbuke alipomwachisha Nelly ziwa alimwacha kwa mama yake, Bibi Asteria, naye akaenda huko huko Geita. Hakwenda kumtafuta mwanamume, na aliyemuuliza alijibiwa hivyo waziwazi. Alikwenda kutafuta maisha.

Kule machimboni aliponda mawe kwa nyundo pamoja na wanawake wengine, kisha akahamia kwenye kupika kwa sababu mikono ilichoka. Wenzake walimpenda. Walipounda kikundi chao walitaka awe katibu, maana alikuwa anasema jambo likaeleweka. Siku ya uchaguzi msimamizi akauliza nani ana cheti cha kidato cha nne. Mbuke hakuwa nacho. Ukatibu ukaenda kwa mwingine, msichana mzuri tu asiye na kosa, na Mbuke akarudi kwenye masufuria yake. Hakulia. Lakini usiku huo na siku nyingi zilizofuata jambo lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Baadaye miguu ya Bibi Asteria ilianza kumsumbua, na Mbuke akarudi nyumbani Kishapu kumtunza. Nelly alikuwa ameanza sekondari. Shule ilihitaji mpishi, Mbuke akaomba, akapata. Basi mama na binti wakawa wanatoka nyumbani asubuhi pamoja, wanashika njia moja katikati ya mashamba ya pamba, na wakifika getini mmoja anaelekea darasani, mwingine jikoni.

Mwalimu wa hisabati pale shuleni alikuwa Valerian, kijana wa Bukoba, mpole, mwenye mazoea ya kunywa chai akiwa amesimama. Mchana baada ya vipindi aliwafundisha watu wa nje waliotaka kurudia mtihani au kuufanya kwa mara ya kwanza kama watahiniwa wa kujitegemea. Siku moja Mbuke alimpelekea chai, kisha hakuondoka.

"Mwalimu, mtu wa umri wangu anaruhusiwa kufanya mtihani?"

"Huyo mtu ana umri gani?"

"Ana mtoto anayesoma kidato cha pili hapa hapa."

Valerian akatabasamu. "Mama Nelly, karatasi ya mtihani haiulizi nani amezaa. Njoo kesho."

Akaenda. Mwaka uliofuata alifanya ule mtihani wa maarifa, wenyewe wanauita QT, akafaulu. Sasa alikuwa na haki ya kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne. Hapo ndipo Nelly alipogundua jambo ambalo hakuwa amelipigia hesabu: yeye na mama yake wangefanya mtihani mmoja, mwaka mmoja, katika shule moja.

Nelly hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na akili, alimpenda mama yake, lakini alikuwa na miaka kumi na saba, na katika umri huo mtu huona macho ya wenzake mpaka kisogoni. Jioni moja walipokuwa wakichambua mboga alisema bila kuinua uso:

"Mama, kwa nini usingoje nimalize kwanza? Mwakani ungefanya kwa nafasi."

"Unaona aibu?"

Nelly alivuta fungu jingine la mboga.

"Nimeshangoja umri wako wote, mwanangu," Mbuke alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja jina la kijiji, akaendelea kuchambua mlenda.

Baada ya hapo hawakulizungumza tena jambo hilo, lakini kila mmoja alisoma kivyake. Nelly alisoma na marafiki zake shuleni. Mbuke alisoma peke yake jikoni, kitabu kimeegemezwa kwenye debe la unga, huku maharage yakichemka.

Masomo mengine yalimkubali. Kiswahili na historia alivisoma kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Baiolojia aliipenda. Hata hisabati, ambayo wengi waliiogopa, ilianza kulegea: asilimia alizijua kutokana na biashara, na vipimo alivijua kutokana na jiko. Sehemu moja tu ilikataa katakata kuingia, nayo ni ile ya kutafuta taswira ya nukta baada ya kuakisiwa kwenye mstari.

Maswali mepesi aliyaweza. Nukta ikiakisiwa kwenye mhimili wa X, namba ya kwanza inabaki na ya pili inageuka kuwa hasi. Ikiakisiwa kwenye mstari ambao Y ni sawa na X, zile namba mbili zinabadilishana nafasi. Alizikariri kanuni hizo akizisema kwa sauti huku anakoroga ugali. Lakini Mwalimu Valerian alipoandika ubaoni mstari ambao Y ni sawa na mbili mara X, na kuuliza taswira ya nukta tano, sifuri, Mbuke alikwama. Kanuni zake zote zilikuwa za mistari mingine. Mwalimu alionyesha njia ya pembe, yenye kosaini na saini, na Mbuke akainakili vizuri, lakini alipofika nyumbani akaona amenakili kitu asichokijua, kama mtu anayeimba wimbo wa kigeni.

"Mbona kila mtu anasema ni kioo?" alijiuliza. "Kioo nakijua. Hiki sikioni."

Jumapili moja baada ya ibada, Bibi Asteria akiwa amelala ndani na Nelly ameenda kujisomea kwa rafiki yake, Mbuke aliamua kwamba daftari lilikuwa dogo mno kwa tatizo lile. Alifagia uwanja mpaka ukawa safi. Akachota majivu jikoni. Akanyoosha mstari mmoja wa majivu kutoka upande wa jiko mpaka kwenye ua wa minyaa, kisha mwingine kutoka mlango wa nyumba mpaka njiani, ikakatana katikati ya uwanja. Akaweka alama kwa vipande vya mkaa, hatua moja moja. Kuelekea jikoni ndiko namba za X zilikoongezeka, kuelekea nyumbani ndiko Y ilikopanda. Halafu akachukua kamba ya kufungia ng'ombe, akaichomekea kigingi pale mistari ilipokutana, akaivuta kwa mshazari: kila hatua moja kuelekea jikoni, hatua mbili kuelekea nyumbani. Huo ukawa mstari wake.

Akasimama kwenye nukta tano, sifuri, yaani hatua tano upande wa jiko, juu kabisa ya mstari wa majivu. Akaanza kutembea kuielekea kamba. Alifuata mstari wa majivu moja kwa moja, akafika makutano pale kwenye kigingi, akaendelea hatua tano nyingine upande wa minyaa. Akageuka akatazama alikotoka. Haikumridhisha. Akarudi akaanza tena, midomo ikicheza kwa kuhesabu.

Ndivyo alivyokuwa wakati jirani yake, Mama Boaz, alipofika kurudisha ungo. Mama Boaz aliona majivu yaliyokatana, mkaa uliopangwa, kamba ya ng'ombe, na Mbuke akitembea taratibu huku ananong'ona. Aliuweka ungo chini polepole kwenye lango, akarudi kinyumenyume.

Mbuke hakumwona. Aliyeona ni Bibi Asteria, aliyekuwa ameamka na kutokeza mlangoni akiegemea fimbo. Bibi alitazama uwanja, akatazama kule Mama Boaz alikokuwa akikimbilia, na uso wake ukabadilika.

"Mbuke! Unafanya nini hapo?"

"Nasoma, mayo."

"Kusoma gani huko kwa majivu? Futa! Futa upesi!"

Mbuke hakuwa amewahi kusikia sauti ya mama yake ikitetemeka namna ile.

"Mimi ni kikongwe," Bibi Asteria alisema, "na macho yangu mekundu kwa moshi wa miaka yote hii. Watu wakianza kusema nyumba hii wanapiga ramli, hawaanzi na wewe. Wanaanza na mimi, na anayeitwa mchawi huku hukatwa panga. Umesahau uko wapi?"

Mbuke alitazama majivu yake upya. Hakuwa amesahau, hakuwa amefikiri tu. Alichukua ufagio. Lakini kabla hajafuta hata mstari mmoja, Mzee Bartholomeo, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa tayari langoni, na Mama Boaz nyuma yake akichungulia begani kwake.

"Mwadila!" mzee alisalimu kutoka mbali. Mguu wake haukuvuka mstari wa kwanza.

"Mwadila, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Binti yangu, hapa pana nini?"

"Pana hesabu, baba."

"Hesabu ya nini? Ya mtu?"

"Ya mtihani. Naitafuta nukta, imenipotea."

Mzee Bartholomeo aliegemea fimbo yake. Alikuwa mtu wa haki. Alikuwa amefuata jambo baya na alikuwa tayari kulikuta, lakini pia alikuwa tayari asilikute. Mbuke aliingia ndani akarudi na kitabu cha hisabati. Akakifungua pale kwenye picha: mihimili miwili iliyokatana, mstari wa mshazari, nukta mbili, moja huku na moja kule. Mzee alitazama picha, akatazama uwanja, akatazama tena picha. Mabega yake yakashuka.

"Kumbe ni hiki hiki," alisema. "Mama Boaz, njoo uone. Ni kitabu cha serikali hiki."

Mama Boaz alisogea, akatazama, akajishika mdomo.

"Lakini baba," Mbuke alisema, maana sasa aliona nafasi, "umekuja vizuri. Nikiwa mimi ndiye nukta na mimi ndiye mtafutaji, nachanganyikiwa. Hebu nisaidie. Simama hapa."

Mzee alisita. Kisha akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani, akavuka majivu, akasimama hatua tano upande wa jiko.

"Kamba ile ni kioo," Mbuke alisema. "Nataka kujua mwenzio aliye ndani ya kioo amesimama wapi."

"Kioo changu cha kunyolea nakijua," mzee alijibu. "Nikisogea karibu, naye anasogea karibu. Nikirudi nyuma, naye anarudi vile vile."

"Ndiyo. Umbali unalingana. Hilo nalijua. Mimi nimefuata mstari huu wa majivu mpaka kwenye kigingi, nikaongeza tano kule. Umbali unalingana, lakini moyo unakataa."

Mzee Bartholomeo alitazama kigingi, kisha akaitazama kamba ilivyolala. Bila kuambiwa na mtu, aligeuza mwili wake. Aliacha kutazama kigingi, akaielekea kamba yenyewe, kifua kwa kifua, kama mtu anavyosimama mbele ya kioo anapotaka kujiona uso wote.

"Kule ulikokwenda ni ubavuni," alisema. "Mimi kioo nakitazama hivi."

Mbuke aliganda. Pua ya mzee haikuwa imeelekea kwenye kigingi hata kidogo. Ilielekea juu kiasi, upande wa nyumbani. Alikwenda mbio nyuma ya mzee, akatazama kwa jicho moja juu ya bega lake. Kutoka pale alipokuwa, njia ya kwenda kwenye kamba kwa pembe mraba ilikwenda hatua mbili upande wa minyaa na hatua moja upande wa nyumbani. Akaipiga: mbili kushoto, moja juu. Akafika tatu, moja. Tena mbili kushoto, moja juu. Akafika moja, mbili, na mguu wake ukaikanyaga kamba.

"Moja, mbili," alisema kwa sauti. "Y ni mara mbili ya X. Nipo kwenye mstari!"

"Sasa?" mzee aliuliza bila kugeuka, maana alidhani nukta hairuhusiwi kugeuka.

"Sasa nimepita nusu ya njia. Narudia vile vile upande wa pili." Mbili kushoto, moja juu. Tena mbili kushoto, moja juu. Akasimama. Akahesabu alama za mkaa: hatua tatu upande wa minyaa, hatua nne kuelekea nyumbani. Hasi tatu, nne.

Alifungua kitabu kurasa za majibu. Jibu lilikuwa hasi tatu, nne.

Alipiga kigelegele. Mama Boaz, ambaye hakujua ni cha nini, naye akaitikia, kwa sababu kigelegele hakiachwi peke yake. Mbuke akamshika mkono akamsimamisha pale kwenye jibu, uso kwa uso na mzee, kamba katikati yao.

"Wewe ndiye taswira yake."

"Mimi taswira ya mwenyekiti?" Mama Boaz alicheka mpaka akainama. Mzee Bartholomeo akainua fimbo kwa mkono wa kulia. Mama Boaz akainua wa kushoto. Mzee akatikisa kichwa, Mama Boaz akatikisa. Hata Bibi Asteria, aliyekuwa bado mlangoni, alitafuta kigoda akaketi, na meno yake machache yakaonekana.

Nelly alifika wakati huo huo, na marafiki zake wawili wakiwa wamemsindikiza. Alimkuta mwenyekiti wa kitongoji amesimama kwenye majivu na jirani akimwiga, na mama yake katikati akipiga makofi. Uso wa Nelly uliwaka. Marafiki zake walitazamana.

"Shikamooni," Nelly alisema kwa sauti ndogo. Halafu, labda ili aonekane haoni ajabu yoyote, akauliza: "Ni nini?"

Mbuke akamweleza. Nelly akasikiliza, na ule uanafunzi ukashinda aibu.

"Hapana, mama. Taswira ni sifuri, tano. Unabadilisha tu namba, tumefundishwa."

"Basi kasimame hapo kwenye sifuri, tano."

Nelly akaenda akasimama, hatua tano kutoka makutano kuelekea mlangoni.

"Huyo hayuko mbele yangu," Mzee Bartholomeo alisema akiwa bado ameielekea kamba. "Ili nimwone yeye lazima nikunje shingo."

Mmoja wa marafiki, Ghati, binti mmoja mwenye kupenda kuhakikisha, akatembea kutoka kwa mzee kwenda kwa Nelly na kusimama katikati yao. Kamba ilikuwa hatua nzima kutoka kwake. Akatembea tena kutoka kwa mzee kwenda kwa Mama Boaz, akasimama katikati: kamba ilikuwa chini ya kandambili zake.

Nelly alitoka kwenye nukta yake polepole. Alichuchumaa, akaokota kijiti, akachora kwenye vumbi. Wote walimngoja.

"Kubadilishana ni kwa mstari wa Y sawa na X peke yake," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa naitumia kwa kila mstari. Kila mstari, mama! Na kwenye majaribio nimekuwa nikikosa na sijui kwa nini."

"Hata mimi," Ghati alisema.

Walikaa pale mpaka jua likapungua ukali. Walihamisha kigingi, wakabadili kamba, wakasimama kwenye nukta kwa zamu. Bibi Asteria aliagiza waletewe michembe ya viazi vitamu na karanga. Mzee Bartholomeo alipoaga alisimama langoni akasema kwa sauti ya kikao, ili na wa njiani wasikie, kwamba katika nyumba hii watu wanasoma hisabati, na mwenye swali lolote amwendee yeye. Bibi Asteria alimshukuru kwa Kisukuma, kwa maneno mengi. Neno hilo la mwenyekiti lilizunguka kitongoji kizima kabla ya giza, na halikurudi na ubaya wowote.

Kesho yake Mbuke alimweleza Mwalimu Valerian. Mwalimu aliacha chai yake ipoe. Alichora ubaoni, akapita kwenye ile njia ya pembe, na mwisho wake ukawa hasi tatu, nne. Kisha akachora ya Mbuke kando yake.

"Zote mbili ni jambo moja," alisema. "Ya pembe ni ya haraka mstari ukipita kwenye makutano ya mihimili. Usipopita hapo, yako inafanya kazi bila kuongeza kitu. Jifunze ya pembe pia, Mama Nelly. Lakini ukiwa kwenye chumba cha mtihani na kichwa kimekataa, tembea."

Miezi iliyobaki walisoma pamoja, mama na binti. Nelly alimfundisha mama yake Kiingereza cha maswali, maana Mbuke mara nyingi alijua hesabu ila hakujua ameulizwa nini. Mbuke alimfundisha Nelly kutoharakisha. Waligombana pia. Nelly alikuwa na mdomo, na Mbuke hakupenda kusahihishwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Lakini ugomvi wao sasa ulikuwa wa wanafunzi, unakwisha jibu likipatikana.

Novemba ikafika, na joto lake. Siku ya hisabati, jikoni alibaki Scolastika, mwanamke aliyemshikia Mbuke nafasi. Mbuke alivaa gauni lake la kanisani na kujipanga kwenye foleni ya watahiniwa wa kujitegemea mbele ya chumba cha mwisho. Wanafunzi wa shule walipita kwenda vyumba vyao. Wengine walimwona mpishi wao na kalamu mkononi na wakabaki wameduwaa. Nelly alipita na darasa lake. Alimtazama mama yake, akampungia mkono kidogo, chini chini, usawa wa kiuno.

Ndani, Mbuke alianza na aliyoyajua. Nusu ya muda ilipopita alikuta swali la uakisi. Nukta ilikuwa nne, moja. Mstari ulikuwa ule ambao Y inazidi X kwa moja, kwa hiyo haukupita kwenye makutano ya mihimili. Njia ya pembe haikusaidia. Akaweka kalamu chini.

Akatembea. Mstari unapanda hatua moja kwa kila hatua moja, kwa hiyo njia ya kuuelekea kifua kwa kifua ni kurudi moja na kupanda moja. Kutoka nne, moja akafika tatu, mbili. Kisha mbili, tatu. Tatu inazidi mbili kwa moja: amekanyaga kamba. Mara mbili tena upande wa pili: moja, nne, halafu sifuri, tano. Akatafuta nukta ya katikati kuhakikisha, ikaangukia kwenye mstari. Akaandika jibu kwa mwandiko mzuri kuliko wote uliokuwa kwenye karatasi ile, akapiga mstari chini yake.

Walipotoka, uwanja ulijaa kelele za watu wanaolinganisha majibu. Mbuke alisimama peke yake karibu na bomba, akinawa uso. Alikuwa amezoea kumwacha Nelly na wenzake. Basi hakutarajia alichokisikia, sauti ya binti yake ikitoka upande wa pili wa uwanja, juu ya vichwa vya shule nzima:

"Mama! Mama! Lile la mstari umepata ngapi?"

Watu waligeuka. Mbuke naye alipaza ile sauti yake ya kuitia chakula:

"Sifuri, tano!"

"Hata mimi!"

Nelly alikuja mbio, akamkumbatia mama yake mbele ya kila mtu, maji ya uso yakamlowesha sare. Ghati alifika nyuma yake akilalamika kwamba yeye amepata tano, sifuri, na kwamba huo ni uzembe wa dakika ya mwisho. Wasichana wengine wakasogea, wakamzunguka mpishi, wakamuuliza na swali la tisa, na la kumi na moja. Mbuke aliyajibu aliyoyaweza. Aliyoshindwa alisema ameshindwa, akacheka.

Matokeo yalipotoka, walikuwa shambani wakipalilia, na Mwalimu Valerian ndiye aliyewafuata kwa pikipiki. Nelly alikuwa amepata daraja la pili na B ya hisabati. Mbuke alikuwa na daraja la tatu. Hisabati alipata C. Aliomba aambiwe tena, mwalimu akamwambia tena. Mbuke alikaa chini kwenye tuta, jembe mapajani, akatazama pamba changa kwa muda. Nelly akakaa kando yake. Valerian, ambaye hakujua afanye nini na mikono yake, alichukua jembe la tatu akapalilia mstari mzima vibaya, akakata na miche.

Nelly alipangiwa kidato cha tano upande wa Tabora. Mbuke aliomba chuo cha maendeleo ya jamii upande wa Mwanza, naye akakubaliwa. Kwa Bibi Asteria alihamia mdogo wake Mbuke, Charles, na mkewe, na bibi alisema ameshachoka kuishi na watu wa vitabu, anataka mjukuu wa kumbeba.

Siku ya safari waliondoka pamoja alfajiri mpaka stendi ya Shinyanga. Basi la Tabora ndilo lililotangulia. Mbuke alimpandishia Nelly godoro na sanduku, akamwambia konda amwangalie mtoto, akashuka. Nelly alifungua dirisha.

"Mama, na wewe usome."

"Ondoka zako," Mbuke alisema.

Basi likaondoka. Mbuke alinunua hindi la kuchoma, akakaa juu ya sanduku lake mwenyewe, akala taratibu punje kwa punje, akingoja kuitiwa basi la Mwanza.